Kiti cha Idwal Kimerudi Ndani

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Salem,
Cwmhelyg,
Wales Kusini.

Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa Lowri, binti wa mdogo wangu Idwal,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa Mtaa wa Salem, wanaolipa kodi na wasiolipa, natangaza kwamba jana asubuhi kiti cha baba yako kilirejea ndani ya nyumba hii. Kilipokewa mlangoni na mbwa. Hotuba hazikutolewa. Bendera haikupandishwa, kwa sababu tuliyokuwa nayo nilishaikata vitambaa vya kufutia vyombo.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo, mwanangu? Mumeo Curtis hajambo? Na mapacha je? Picha yao imefika, nimeibandika kwenye friji. Wamefanana na baba yao, lakini usikate tamaa. Sura hubadilika ukubwani, na isipobadilika mtu huzoea.

Mimi nipo. Goti la kushoto linauma, na la kulia linauma kwa kulionea huruma lenzake. Pero mbwa ni mzima. Majuzi alimng'ata mtu wa posta, lakini kidogo tu, kwa adabu. Mvua inanyesha. Ilikuwa inanyesha siku ulipoondoka, na sidhani kama imepumzika tangu hapo.

Utaona sijakwambia kama baba yako hajambo. Sikusahau.

Umepiga simu Jumapili baada ya Jumapili na haipokelewi. Ukanitumia ujumbe kwamba labda laini ya huku ni mbovu. Laini ni nzima. Baba yako hukaa karibu na simu kiasi cha kuigusa, huitazama ikilia kama mtu anayetazama treni isiyo yake ikipita, kisha hukohoa. Nakuandikia barua kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba, na katika mwili wake wote masikio ndiyo hayajaugua.

Unaijua desturi ya bonde letu. Jina la mtu halikamiliki mpaka litiwe kazi yake, na akikosa kazi, hutiwa aibu yake. Gwyn Mkate hajauza mkate tangu duka lifungwe, lakini atazikwa Gwyn Mkate. Baba yako ulimjua Idwal Tanuru. Kiwanda cha chuma kilipomrudisha nyumbani na mgongo uliokatika na mapafu yaliyojaa vumbi, alikaa kwenye kile kiti kikubwa cha kahawia kando ya dirisha, watu wakambatiza upya: Idwal Dirisha. Hakulipenda jina hilo, ila lilikuwa na heshima yake. Waliopita walipunga mkono, naye akapunga. Posho ya ulemavu iliingia, gazeti lilifika, mimi nilipika. Miaka ilikwenda hivyo bila mtu kumsumbua.

Ndipo serikali ilipomkumbuka.

Mwezi wa Juni kijana mmoja aitwaye Gethin, mshauri wa ajira, alipiga simu kuomba aje kumwona. Baba yako akasikia mgeni anakuja, akafungua chumba cha mbele. Chumba kile, kama ujuavyo, hufunguliwa kwa mchungaji, kwa daktari na kwa jeneza. Akanyoa ndevu mara mbili. Akavaa suti ya mazishi na tai ya kwaya.

"Idwal," nikamwambia, "kijana anakuja kuona unavyoumwa. Haji kukuposa."

"Morfydd, mtu haingii nyumba ya baba yetu akanikuta nimevaa ugonjwa."

Gethin akaja, suruali imeishia juu ya vifundo kama mtu anayevuka mto. Akaeleza vizuri, bila haraka. Zamani msaada wa kurudi kazini ulikuwa wa watu walioachishwa kazi juzijuzi. Sasa umepanuliwa, ufike hata kwa walio kwenye posho ya ulemavu muda mrefu. Ni hiari, alisema, hakuna anayelazimishwa. Serikali haitaki kumsahau mtu.

"Kumbe ilikuwa imenisahau?" baba yako akauliza. "Mimi nilidhani tunaheshimiana."

Kijana akacheka. Ni kijana mzuri, Lowri. Nimejaribu kumchukia, lakini ameninyima sababu.

Nilipoinua trei ya chai, baba yako akaninyang'anya. Babu yako alimbebea mchungaji chai kwa mikono yake hadi wiki aliyokufa, na baba yako hakuwa tayari kuwa mtu pungufu ya huyo. Akaibeba kutoka jikoni mpaka chumba cha mbele: birika, vikombe vya harusi ya bibi yako, sahani ya vikeki vya zabibu nilivyovioka mwenyewe. Alikuwa amebana pumzi asikohoe. Uso ukawa wa zambarau. Gethin akadhani ni afya.

"Unaendeleaje, Mzee Idwal?"

"Sijambo. Siwezi kulalamika."

"Mgongo je?"

"Upo."

"Na kupumua?"

"Napumua, la sivyo ungenikuta chumba hikihiki, lakini nimelala."

Wakacheka wote wawili. Nikasema, "Kijana, huyu hapandi ngazi za kulala bila kutua katikati kama mpanda milima." Baba yako akanikazia macho, kisha akamwambia mgeni kwa upole, "Dada yangu anasoma vitabu sana."

Gethin alipoondoka, baba yako alilala sakafuni jikoni na mfuko wa njegere za barafu mgongoni mpaka giza likaingia. Nilimruka nikienda kwenye sinki, nikamruka nikirudi.

"Si haba," akasema kutoka kule chini. "Kijana ameniuliza ninaweza kufanya nini. Umesikia? Ninaweza, alisema."

Hapo ndipo alipoponzwa. Miaka yote watu walimwuliza asichoweza. Kijana akamwuliza anachoweza, na baba yako akalimeza neno hilo kama samaki anavyomeza ndoana, kwa shukrani.

Nawe ukapiga simu kutoka huko Winnipeg, Kanada. "Baba, jaribu! Najivunia sana!" Nilikusikia kupitia ukuta. Sikulaumu. Mtu aliye mbali hutuma moyo, kwa kuwa ndio mzigo pekee usiolipiwa nauli.

Waliwakusanya kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, wagonjwa wote wa kuaminika wa bonde hili, wakafundishwa kushikana mikono na kusimulia sifa zao. Kisha kila mmoja akaulizwa angehitaji nini ili aweze kufanya kazi. Wa kwanza kujibu alikuwa Mervyn, yule tunayemwita Mervyn Miguu kwa sababu ana mmoja.

"Mimi nataka kiti kizuri," Mervyn akasema. "Nataka choo karibu, mapumziko ya sigara, na sitaki kuona ngazi hata ya kuchorwa."

"Huna aibu, Mervyn?" baba yako akamwuliza.

"Aibu ilikwenda na ule mguu mwingine, ndugu yangu. Wala siutafuti."

Leo Mervyn anapokea simu za kampuni ya teksi. Ameketi kama askofu, amenenepa, ana maoni juu ya kila kitu. Msaada ulimfaa sana, nami siwezi kuuficha ukweli huo ingawa nimeshawishika.

Zamu ya baba yako ilipofika, walimwuliza hivyo hivyo. Kiti? "Nitasimama." Mapumziko? "Nimesimama mbele ya tanuru, nitashindwa mbele ya kabichi?" Kitu chochote kingine, Mzee Idwal? "Hakuna. Mimi sijambo."

Basi wakampatia kazi kwenye supamaketi ya mjini, mlangoni, na kizibao cha kijani. Kazi yenyewe ilikuwa kuwakaribisha wateja na kuwauliza habari zao. Fikiria, Lowri. Walimwajiri baba yako aulize swali ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulijibu kwa ukweli tangu azaliwe.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu, lazima nikiri. Alipiga viatu rangi. Aliimba akinyoa, sauti ya besi, iliyobaki. Bonde zima hununua maziwa pale, na bonde zima likamkuta amesimama. Likampa jina jipya: Idwal Karibu. Aliporudi jioni hakuweza kuinama kuvua viatu, nami nilimvua huku akinisimulia nani kanunua nini. Mama mmoja kanunua chupa nne za mvinyo na kumwambia ni za kanisa.

Jumamosi ya pili akaburuta kile kiti mpaka nje, kando ya barabara, lori la halmashauri lije kukichukua. Mervyn alisimama na magongo yake akitoa maelekezo.

"Una hakika, Idwal? Kiti hakina kosa."

"Mtu wa kazi hahitaji kiti cha kutwa. Kama unakitaka, chukua."

"Nikiweke wapi? Mimi kiti ninacho, tena kazini."

Wiki hiyohiyo ikafika ile kofia ya sufu uliyomtumia, ya kumkinga na upepo wa mlangoni. Akaivaa ndani ya nyumba. Akala chakula nayo.

Sasa nisikilize, na ukitaka kukaa, kaa.

Choo cha wafanyakazi katika duka lile kiko juu, na ngazi zake ziko wazi, duka zima linaziona. Baba yako alizitazama siku ya kwanza akapiga hesabu yake. Akipanda, itabidi atue katikati, ashike chuma, ahemee hapo, na kila mtu mwenye kikapu atamwona. Kwa hiyo hakupanda, siku hiyo wala nyingine. Aliacha kunywa chai ya asubuhi. Mwanamume wa ukoo wetu anaacha chai, na mimi, msoma vitabu, sikuona kitu. Lakini daktari alikuwa amempa vidonge vya kutoa maji mwilini kwa ajili ya moyo, na vidonge havijui zamu ya kazi.

Akaja Beryl Maddocks na toroli lake. Beryl ni yule aliyemkataa baba yako kwenye dansi ujanani, na hajaacha kujipongeza.

"Idwal! U mzima?"

"Mzima kama kengele, Beryl."

"Mbona umesimama hivyo, miguu imeshikana? Umebanwa?"

"Sijabanwa na lolote."

Na hapo hapo, mwanangu, mwili ukamkanusha. Suruali ya kazi ilikuwa ya kijivu. Kijivu hakifichi kitu.

Beryl hakunong'ona. Beryl hajawahi kunong'ona hata wakati wa sala. "Jamani! Leteni mopu hapa! Babu wa watu amejikojolea!"

Watu wakageuka. Wengine walicheka, nimeambiwa ni nani, na ninao moyoni kwa majina. Unajua baba yako alifanya nini? Alimgeukia mteja aliyekuwa anaingia, akasema, "Karibu. Habari za asubuhi." Na aliyefuata, "Karibu." Mopu ilipoletwa akaipokea kwa binti wa watu, akapiga deki mwenyewe, vizuri, mpaka kwenye pembe. Akaikamua. Akavua kizibao, akakikunja, akarudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, ambayo kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ilitufaa kwa jambo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa baba yako hakikuwa kilio. Ilikuwa mopu.

Jioni ile nilikwenda kununua samaki na chipsi. Mwenye duka akanifungia, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Idwal Mopu hajambo?" Nikamwambia aongeze siki.

Kwa hiyo hilo ndilo jina lake sasa, na kwa desturi zetu ndilo atakalozikwa nalo. Ndiyo maana hapokei simu. Wewe ulimwambia unajivunia, na hajui akwambie nini sasa.

Kazini hakurudi. Gethin alikuja, na safari hii chumba cha mbele hakikufunguliwa. Alikaa jikoni, na chai nilibeba mimi. Kijana alikuwa karibu kulia.

"Lakini Mama Morfydd, mwenyewe alisema hajambo. Nilimwona akibeba trei."

"Kijana, bonde hili watu hukata roho wakisema hawajambo. Baba yetu alisema siwezi kulalamika, akafa kabla hajafunga mdomo."

Tatizo ni kwamba posho ilisimama alipoanza kazi, na kwa kuwa kila aliyemwona alishuhudia ana nguvu, kuirudisha hakukuwa rahisi. Gethin alihangaika, nampa haki yake. Alipata miadi. Baba yako alitakiwa kwenda mbele ya afisa na kusema kwa kinywa chake asichoweza. Hilo tu. Bila posho hiyo, nyumba hii hatuwezi kuishikilia, mimi na yeye na mbwa.

Nikamfundisha mezani kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Afisa anakuuliza. Unasemaje?"

"Siwezi kupanda ngazi."

"Na?"

"Na sipumui vizuri nikitembea."

"Na?"

"Na nini?"

"Na ile nyingine, Idwal."

Akapaka siagi kwenye tosti mpaka kingo zote.

Nikamwambia siku ya miadi asinyoe. Akanyoa. Nikamwambia avae sweta lililotoboka. Akavaa suti ya mazishi. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi, fimbo yake nimeishika mimi, mpaka mlango wa mwisho ukafunguliwa na mama mmoja mwenye sauti ya upole akaliita jina lake. Baba yako akasimama. Akanyoosha mgongo, niliusikia. Akatembea ukumbi mzima bila fimbo, nami nikamfuata nayo mbio mbio, kama kichekesho.

Yule mama hakuwa ameanza hata kazi. Alisema tu kwa adabu, kama watu wasemavyo, "Unaendeleaje leo, Bwana Prosser?"

"Sijambo," baba yako akasema. "Siwezi kulalamika. Na wewe je, mama?"

Kisha yeye, mgonjwa, akamvutia afisa kiti, akae.

Yaliyofuata huna haja ya kusimuliwa. Aliulizwa kuhusu ngazi, akasema hupanda polepole. Aliulizwa kuhusu choo, akasema choo chetu ni kizuri sana. Nilipofungua mdomo, mama yule akaniomba nimwache ajibu mwenyewe, na alikuwa na haki. Jibu limekuja juzi. Hapewi.

Rufaa ipo, mwezi wa Desemba. Ataulizwa tena yale yale, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mimi nimeshindwa. Mimi ni dada mkubwa, na mbele ya dada mkubwa Idwal atakufa amesimama. Wewe ni tofauti. Wewe alikuogesha na kukubadilisha nepi mama yako alipokuwa anafanya kazi usiku, na hakuona haya, wala wewe hukuona. Mtu aliyekufuta huenda akakubali umfute.

Basi Jumapili ijayo piga simu. Nitaipokea mimi, nitamwekea sikioni, na akikataa nitamkalia. Usimpe moyo. Moyo ulioutuma mara ya kwanza unatosha. Usimwulize hujambo, maana hilo atalijibu hata akiwa kaburini. Mwulize wapi panauma. Akisema hapaumi, nyamaza, usimsaidie, hata dakika zikiliwa. Atakohoa. Mwambie umesikia. Kisha mwulize tena.

Habari ya mopu usimwambie nimekuandikia. Kauli yake rasmi ni kwamba yalikuwa maji ya mwavuli wa Beryl.

Nisalimie Curtis, na mapacha wako, Bryce na Delaney, waambie babu yao ana dada mwenye meno yake yote upande mmoja. Mervyn Miguu anakusalimu. Gwyn Mkate anakusalimu. Beryl Maddocks naye alituma salamu zake, nami nimezikalia.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akulindie nyumba yako, na akujalie watoto wanaolalamika.

Ni mimi nikupendaye, kwa ulimi mbaya na moyo wa kawaida,

Shangazi Morfydd

Nilisahau kueleza kuhusu kiti. Lori la halmashauri halikuja. Kilikaa kwenye mvua tangu siku ile mpaka jana. Bado kimelowa, kwa hiyo baba yako ameketi juu ya mfuko wa plastiki.